Jiko la Induksheni Huchaguliwa Kuanzia Kwenye Sufuria

Jiko la induksheni, yaani jiko la umeme linalopasha chombo cha kupikia kwa nguvu ya sumaku badala ya moto au waya mwekundu, limeacha kuwa kitu cha hotelini na majumba makubwa, na sasa linauzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na katika maduka ya vifaa vya umeme ya Nairobi na Mombasa kando ya pasi na birika. Nchini Tanzania habari yake imepata uzito zaidi tangu Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Wanunuzi wengi hulichagua jiko hili kwa bei, kwa urembo wa kioo chake au kwa wingi wa wati zilizoandikwa kwenye boksi, ilhali mambo yanayoamua kama litapika au litawekwa juu ya kabati tayari yamo nyumbani kwao: sufuria walizonazo, waya za ukutani na chakula kinachopikwa kila siku.

Chini ya kioo cha jiko hili pamelazwa koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa duara ndani ya duara. Mkondo wa umeme unaobadili mwelekeo wake makumi elfu ya mara kwa sekunde hupita ndani ya koili hiyo na kuzalisha uga sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku, ambao nao hubadilika kwa kasi ileile. Mwanasayansi Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba uga sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika metali iliyo karibu nao, na ndicho kinachotokea hapa: kitako cha sufuria huzalishiwa mikondo midogo inayozunguka ndani yake, mikondo hiyo hupambana na ukinzani wa chuma, na mapambano hayo hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo chuma cha sufuria chenyewe ndicho jiko. Kioo hakitoi joto lolote, bali hupata joto la kurudishiwa na sufuria iliyokaa juu yake, na ndiyo maana hubaki cha moto kwa dakika kadhaa baada ya sufuria kuondolewa, jambo ambalo wenye watoto wadogo wanapaswa kulikumbuka.

Kutokana na utaratibu huo, takribani asilimia 85 ya umeme unaoingia katika jiko huishia kwenye chakula, wakati jiko la gesi hupoteza nusu ya joto lake au zaidi pembeni mwa sufuria. Kutokana na utaratibu huohuo pia, jiko la induksheni huikataa sufuria iliyoenea kuliko zote Afrika Mashariki, yaani ile ya alumini isiyo na mikono, yenye ukingo uliopinda na inayouzwa kwa seti, kubwa ikibeba ndogo. Alumini haivutwi na sumaku na ukinzani wake ni mdogo mno, hivyo mikondo hupita ndani yake bila kuzalisha joto la kutosha. Vitambuzi vya jiko huliona hilo mara moja, nalo hulia, huandika alama ya kosa na kujizima. Shaba na vyungu vya udongo hukataliwa vivyo hivyo. Makampuni ya Japani yamewahi kutengeneza majiko ya masafa ya juu zaidi yanayoweza kupasha hata alumini, lakini majiko madogo yanayouzwa katika masoko ya eneo hili si ya aina hiyo, na muuzaji anayesema linakubali sufuria yoyote ama hajui bidhaa yake, ama anauza kitu kingine.

Kitu hicho kingine kipo na kinahitaji kutajwa waziwazi, kwa kuwa hapa ndipo wanunuzi wengi hupotelea. Jiko la infraredi lina kioo cheusi kilekile, vitufe vilevile na ukubwa uleule, lakini ndani yake mna waya unaopashwa hadi kuwaka na kutuma joto lake juu kwa miale. Jiko hilo hupokea alumini, udongo na kitu chochote kinachostahimili joto, na kwa nyumba isiyo na uwezo wa kununua sufuria mpya linaweza kuwa chaguo la heshima. Hata hivyo linakawia kupata moto na kupoa, linapoteza umeme mwingi zaidi, na kioo chake huchoma vibaya. Kuyatofautisha ni rahisi pindi yanapowashwa, kwa kuwa la infraredi huonyesha duara jekundu chini ya kioo ndani ya sekunde chache, na la induksheni halina wekundu wowote. Likiwa halina sufuria juu yake, hulalamika kwa mlio na kuzimika.

Sufuria inayofaa hutambulika kwa sumaku ya kawaida, hata ile ndogo inayobandikwa mlangoni mwa friji. Sumaku ikishika kwa nguvu kwenye kitako, sufuria itafanya kazi. Ikining'inia kwa udhaifu, itapika kwa kusuasua. Ikianguka, hakuna la kujadili. Kikaango cha chuma kizito cha kusubu hufaa sana, sufuria za enameli nazo hufaa kwa sababu chini ya rangi yake mna chuma cha kawaida, na kati ya sufuria za stili zipo zinazofaa na zisizofaa, maana aina nyingi za stili isiyoshika kutu hazivutwi na sumaku. Baadhi ya watengenezaji hutatua tatizo hilo kwa kubandika sahani ya chuma chenye sumaku chini ya sufuria ya stili au ya alumini. Hapo jicho la mnunuzi linapaswa kuwa kali, kwa sababu wapo wanaobandika sahani ndogo isiyofika hata nusu ya upana wa kitako, na sufuria ya namna hiyo, hata iwe pana kiasi gani, itapata joto katikati tu na kuunguza chakula hapo huku pembezoni kukiwa kubichi. Ni vema sumaku ipitishwe kuanzia katikati hadi ukingoni. Kitako kiwe bapa kabisa, kwa kuwa uga sumaku hudhoofika haraka kadiri umbali unavyoongezeka, na karai lenye tumbo la mviringo hugusana na kioo mahali padogo tu.

Zipo sahani za chuma zinazouzwa ili ziwekwe kati ya jiko na sufuria ya alumini. Hazipendekezwi. Sahani hiyo hupata joto kali, hulirudisha kwenye kioo na vitambuzi vilivyo chini yake, na kuondoa faida yote iliyomfanya mtu anunue jiko la induksheni badala ya lile la waya. Fedha yake ni bora iongezwe kwenye sufuria mbili nzuri, moja ya wali na nyingine ya mchuzi, ambazo zitadumu kuliko jiko lenyewe.

Baada ya sufuria, jambo la pili kwa uzito ni upana wa koili, ambao kwa bahati mbaya hauonekani. Duara lililochorwa juu ya kioo ni mapambo. Linaweza kuwa na upana wa sentimita 20 huku koili iliyo chini yake ikiwa na sentimita 13 au 14. Kwa anayechemsha maji tofauti hiyo si kubwa, kwa sababu maji huzunguka na kusambaza joto yenyewe, lakini kwa anayepika chapati ni tofauti kati ya chapati na kitu chenye doa jeusi katikati na ukingo wa unga mbichi. Kuigundua hakuhitaji ufundi. Kikaango kinachokubali sumaku huwekwa juu ya jiko, hutiwa maji ya kufunika kitako tu, kina cha nusu sentimita hivi, kisha jiko huwashwa kwa nguvu ya kati. Kabla maji yote hayajachemka, viputo vidogo huanza kupanda vikifuata umbo la koili, na duara la viputo hivyo ndilo duara la kweli la jiko. Viputo vikikusanyika katika mduara mdogo kama kisosi, mpishi wa chapati atafute jiko jingine. Hata penye koili pana, kikaango kizito kinapaswa kupashwa taratibu kwa dakika chache kwa kiwango cha chini, ili joto lipate muda wa kusambaa ndani ya chuma na kitako kisipinde.

Namna jiko linavyoshusha nguvu zake ni jambo ambalo maboksi hayaliandiki kabisa, nalo ndilo linalotenganisha jiko zuri na la kubahatisha. Majiko mengi ya bei nafuu hayawezi kutoa nguvu ndogo kwa mfululizo. Yanapowekwa kwenye kiwango cha wati 200, hutoa wati 1,000 kwa sekunde mbili, hunyamaza kwa sekunde nane, kisha hurudia, na wastani wake ndio huwa 200. Maharage hayajali hilo, lakini tui la nazi linajali sana, kwa kuwa hukatika linapochemka kwa nguvu, na mchuzi unaofurika kwa sekunde mbili na kutulia kwa nane unaweza kukatika hata kama kiwango kilichoandikwa ni cha chini kabisa. Wali nao, ukifikia hatua ya kukauka, unahitaji joto dogo lisilokatika, la sivyo ukoko huungua kabla kiini hakijaiva. Jiko la kushusha nguvu kwa mfululizo hutambulika kwa kuliwekea sufuria ya maji yanayochemka na kulishusha hadi kiwango cha pili au cha tatu: maji yakiendelea kutetemeka kwa utulivu mmoja, jiko ni zuri, yakilipuka na kunyamaza kwa zamu, mnunuzi ajue anachonunua. Sufuria yenye kitako kinene hupunguza ubaya huo, kwa kuwa chuma kingi huhifadhi joto na kulitoa polepole wakati koili imenyamaza.

Vitufe vyenye majina ya vyakula, kama supu, maziwa, wali na nyama, havistahili kuongezewa bei. Vingi kati yake ni viwango vya nguvu na muda vilivyopangwa kiwandani kwa ajili ya jikoni za nchi nyingine. Joto linaloandikwa kwenye kioo nalo hupimwa na kitambuzi kilicho chini ya kioo, si ndani ya chakula, hivyo lichukuliwe kuwa makadirio. Tahadhari hiyo ina maana ya pekee kwa anayekaanga maandazi au samaki, kwani mafuta kidogo katika sufuria nyembamba hupata moto upesi kuliko kitambuzi kinavyoweza kujua, na hayapaswi kuachwa peke yake hata kwa dakika moja. Kwa upande wa vidhibiti, vitufe vya kubonyeza au kinundu cha kuzungusha ni bora kuliko kioo cha kugusa, ambacho hakisikii kidole chenye maji au mafuta, na mikono ya mpishi ni nadra kuwa mikavu.

Ugali hudai maelezo yake. Kusonga ugali kunahitaji nguvu za mkono, na sufuria iliyo juu ya kioo laini huteleza na kuzunguka pamoja na mwiko, tofauti na inapokaa juu ya mafiga au meno ya jiko la mkaa. Mpishi akiiinua ili aishike vizuri, jiko hulia na kusitisha joto, kisha huendelea inaporudishwa. Suluhisho ni sufuria nzito yenye mkono mrefu au mikono miwili imara, jiko likiwa juu ya meza isiyotikisika na ya kimo cha chini kiasi, ili mkono mmoja ushike na mwingine usonge. Kioo cha seramiki hustahimili joto kwa namna ya ajabu, lakini hakistahimili kugongwa, na sufuria iliyojaa ugali wa watu wanane ikidondoshwa juu yake huweza kulimaliza jiko siku hiyohiyo. Kioo kilichopata ufa kisitumike tena, kwani chakula kinachofurika hupenya hadi kwenye umeme.

Kuhusu nguvu na waya, hesabu yake ni nyepesi na haifai kurukwa. Umeme wa nyumbani katika eneo hili ni wa takribani volti 230, na plagi ya miguu mitatu ya bapa ina fyuzi isiyozidi ampea 13, hivyo uwezo wake wa juu ni chini kidogo ya wati 3,000. Jiko la sahani moja la wati 2,000 huvuta ampea karibu 9, kiasi ambacho soketi iliyofungwa kwa waya wa milimita za mraba 2.5 hukibeba bila shida, lakini ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu hukibeba kwa kupata moto hadi plastiki yake ilainike. Jiko la induksheni lichomekwe moja kwa moja ukutani, na soketi iliyolegea au iliyobabuka ibadilishwe kwanza. Majiko ya sahani nne yanayozamishwa mezani hufikia wati 7,000 na kuzidi, sawa na zaidi ya ampea 30, na hayo huhitaji waya wake wenyewe kutoka kwenye kisanduku cha umeme, swichi ya jiko na fundi mwenye leseni. Katika nyumba ya kupanga, ambapo vyumba kadhaa hushiriki mita moja na waya za zamani, jiko moja la wastani ndilo la busara.

Gharama za kupikia hutegemea zaidi tarifa kuliko jiko. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Kuchemsha lita mbili za maji yenye nyuzi 25 hadi nyuzi 100 kunahitaji, baada ya kuhesabu kinachopotea, uniti 0.2 hivi, na jiko la wati 2,000 hulimaliza jambo hilo kwa dakika sita au saba. Kwa viwango vya Tanzania vilivyowekwa mwaka 2016, mteja mdogo wa majumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, yaani takribani 122 baada yake, wakati mteja wa kawaida hulipa 292, yaani takribani 356. Lita hizo mbili basi humgharimu wa kwanza takribani shilingi 25 na wa pili takribani 73. Lakini unafuu wa mteja mdogo huishia kwenye uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo hutozwa kwa bei ya juu, shilingi 350 kabla ya kodi na tozo. Hapa ndipo pa kutafakari kwa makini. Mtungi wa gesi wa kilo 6 una nishati ya uniti 77 hivi. Ikiwa nusu yake huingia kwenye chakula, jiko la induksheni litafanya kazi ileile kwa uniti 45. Nyumba yenye taa na runinga tu inaweza kuzibeba uniti 45 ndani ya 75 na kupika kwa chini ya shilingi 6,000, ilhali nyumba yenye friji na pampu ya maji itavuka mpaka, na uniti hizo 45 zote zikiwa juu ya mpaka huo, kazi hiyohiyo itagharimu karibu shilingi 19,000. Kila mwenye nyumba azitazame risiti zake za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, za miezi mitatu iliyopita, kisha alinganishe na bei ya mtungi mtaani kwake, kwa maana hakuna jibu moja linalozifaa nyumba zote.

Adui mkubwa wa jiko hili ni umeme wenyewe. Ndani yake mna vipande vya elektroniki vinavyowasha na kuzima mkondo kwa kasi kubwa, na umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, vipande hivyo ndivyo huungua kwanza. Kinga ya umeme ni ya lazima, ila iwe ya kubeba ampea 13, kwa kuwa kinga nyingi zinazouzwa kwa ajili ya friji zina uwezo mdogo na zenyewe zitaungua. Umeme unapokatika, jiko lichomolewe hadi urudi na kutulia. Feni iliyo chini ya jiko inahitaji hewa, hivyo jiko lisiwekwe juu ya kitambaa wala kusukumwa hadi ukutani, na lisichomolewe mara tu baada ya kupika, bali feni iachwe izunguke hadi ijizime. Mende nao hupenda uvuguvugu wa ndani yake na huingia kwa matundu ya feni, na wengi husababisha hitilafu ambazo mwenye jiko hudhani ni za kiwandani. Pwani, chumvi ya hewani huongeza kutu. Kulifunika na kulifuta kila siku si usafi tu, ni matengenezo.

Hofu kwamba jiko la sumaku hudhuru mwili haina msingi kwa mtu wa kawaida, kwani uga wake hufifia ndani ya umbali mfupi na si mionzi ya aina inayovunja chembe za mwili. Waliowekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hushauriwa kukaa umbali wa sentimita 60 kutoka kwenye jiko lililowashwa na kumwuliza daktari wao. Hatari iliyothibitishwa iko upande mwingine: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaoukalia kwa muda mrefu zaidi ni akina mama na watoto walio karibu na mafiga. Sababu hiyo peke yake inatosha kulifanya jiko hili listahili juhudi.

Hata hivyo yapo mapishi ambayo jiko hili haliyawezi. Wali wa kupaliwa, ambao hufunikwa na kuwekewa makaa juu ya mfuniko, unahitaji joto la juu na la chini, na ndivyo ulivyo mkate wa kumimina. Induksheni hupasha kutoka chini tu. Umeme nao hukatika, na uniti za LUKU huisha nyama ikiwa haijaiva. Mtungi mdogo wa gesi uendelee kuwepo jikoni.

Kwa familia ya watu wanne hadi sita, jiko la sahani moja la wati 1,800 hadi 2,000, lenye koili pana, vidhibiti vya kubonyeza na alama ya ubora ya shirika la viwango, yaani TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, linatosha kwa kuanzia. Mnunuzi aende dukani na sufuria yake na sumaku mfukoni, aombe jiko lichomekwe, maji yachemshwe na nguvu ishushwe mbele ya macho yake, na waranti iandikwe kwenye risiti. Muuzaji akikataa kuliwasha, jiko hilo libaki dukani.